Mwasho wa Pumu ya Ngozi: Majibu kwa Barua Kutoka Kusini

Barua tatu tulizochagua safari hii zimetoka Tandahimba, Mtwara mjini na Lindi, na zote zinaeleza mateso ya aina moja, yaani mwasho unaomnyima mtu usingizi na kumfanya ajikune hadi atoke damu. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa kuwa maswali yake ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Swali la kwanza

*Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tandahimba. Mwanangu wa mwisho ana miaka minne, na tangu akiwa mchanga anawashwa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Ngozi ya sehemu hizo imekuwa nyeusi, nene na yenye kukwaruza. Usiku ndipo hali inapokuwa mbaya, na asubuhi nakuta madoa ya damu kwenye shuka. Kila ukifika wakati wa kupulizia mikorosho salfa, mwasho unazidi. Namwogesha mara tatu kwa siku kwa sabuni ya mche na kumsugua kwa dodoki ili uchafu utoke, nimemkataza samaki na mayai, na dukani niliuziwa tyubu ambayo ilimpa nafuu siku chache, kisha ugonjwa ukarudi. Bibi yake anasema ni damu chafu, na mwalimu wa chekechea anahofia kwamba atawaambukiza wenzake. Je, ipo dawa ya kulimaliza tatizo hili kabisa? — Mama K., Tandahimba*

Jibu

Marahaba, mama, na pole kwa kukesha. Dalili ulizozieleza zinaelekea sana kwenye pumu ya ngozi, hasa kwa sababu zimeanza utotoni, zinakwenda na kurudi, na zimekaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Hata hivyo, kabla hujafanya lolote, angalia kama wengine nyumbani nao wanawashwa usiku, na kama mtoto ana vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono au sehemu za siri. Mkiwa mnawashwa wengi, huenda ni upele unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozini, na huo hutibiwa kwa dawa nyingine ambayo nyumba nzima hupaka siku moja. Ikiwa ni mtoto peke yake anayeteseka, endelea kusoma.

Mwambie mwalimu bila wasiwasi kwamba pumu ya ngozi haiambukizi kwa kugusana, kwa kuvaa nguo za mgonjwa, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Mwambie na bibi, kwa heshima zote, kwamba damu ya mjukuu wake ni safi. Tatizo liko kwenye ngozi yenyewe na kwenye kinga ya mwili. Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta wa udongo uliobanduka lipu: unyevu wa ndani unatoka, na vumbi, jasho, sabuni na vijidudu vinapata pa kuingilia. Baadhi ya wenye ugonjwa huu wamezaliwa na upungufu wa protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ni kuiimarisha tabaka la juu la ngozi, na mara nyingi utakuta katika ukoo wa mgonjwa mtu mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kinga ya mwili ikikutana na vitu hivyo vilivyopenya huleta uvimbe, na uvimbe huo huamsha neva zinazopeleka hisia ya kuwashwa. Mtoto akijikuna anaibomoa ngozi zaidi, vinapenya vingi zaidi, na mwasho unaongezeka. Usiku huwa mbaya kwa sababu mwili unapata joto kitandani, homoni ya mwili inayotuliza uvimbe hupungua saa hizo, na hakuna mchezo wa kumsahaulisha.

Kuhusu swali lako kuu, nasema wazi kwamba hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu mara moja usirudi tena. Lakini watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua, na mwasho unaweza kutulizwa kiasi cha mtoto kulala usiku kucha na kusahau kujikuna. Hilo linawezekana hapo hapo Tandahimba, kwa vitu ambavyo vingi unavipata.

Tuanze na kuoga, kwa maana hapo pana jitihada kubwa inayomuumiza mtoto badala ya kumsaidia. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya nguo, na hung'oa yale mafuta machache ambayo ngozi yake inayo, na dodoki humalizia kwa kuchubua. Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda usiozidi dakika kumi, bila kumsugua. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, na uipake pale tu panapohitaji, kama vile makwapani, sehemu za siri na miguuni. Usitie kwenye beseni ile dawa ya maji ya kuulia vijidudu, kwa kuwa huongeza ukavu. Najua shida ya maji kwenye uwanda wa Makonde, na ushauri huu hauhitaji maji mengi: ndoo ndogo inatosha.

Akitoka kuoga, mfute kwa kumgusagusa na kanga laini, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote niliyoandika. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi yanafaa sana, na ni nafuu. Mpake mwili mzima, si penye madoa tu, angalau mara mbili kwa siku, na uendelee hata wiki ambazo ngozi inaonekana nzima. Wazazi wengi hupaka kidogo mno. Mtoto mwenye ugonjwa ulioenea anaweza kuhitaji hadi gramu 250 kwa wiki, yaani kopo la ukubwa huo liishe kwa siku saba. Ni gharama, sikatai, lakini kopo kubwa la mafuta ya kawaida hukugharimu kidogo kuliko mfululizo wa tyubu za majaribio. Chota kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu kwenye kopo, na upake kwa kushuka kufuata malaika, yaani vinyweleo vya mwilini, bila kusugua kwenda na kurudi. Mafuta safi ya nazi nayo yanafaa na mengi hutengenezwa pwani kwetu, lakini usimpake mafuta ya karanga, kwa kuwa karanga ikipenya kwenye ngozi iliyochubuka inaweza kumjengea mtoto mzio wa chakula hicho.

Angalizo moja ambalo wauzaji hawalisemi: nguo na shuka zilizofyonza mafuta ya mgando hushika moto upesi na kuwaka kwa nguvu. Mtoto aliyepakwa mafuta asikae karibu na mafiga wala koroboi.

Sasa tuje kwenye dawa. Palipovimba na kuwasha, mafuta peke yake hayatoshi, na panahitaji krimu au marhamu yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Kuna hofu mbili zinazogongana hapa, na zote zina madhara. Wapo wanaoogopa neno steroidi, wakapaka chembe kwa siku mbili na kuacha, na ugonjwa ukarudi. Wapo pia wanaopewa steroidi kali mno dukani, wakapaka miezi mingi bila kusimamiwa, na ngozi ikawa nyembamba na kuchanika michirizi. Njia sahihi ni dawa yenye nguvu inayostahili mahali husika, kwa kipimo kamili, kwa muda maalumu. Usoni na kwenye mikunjo laini ya mtoto, haidrokotisoni ya asilimia 1 hutosha mara nyingi. Ngozi iliyokwisha kuwa nene, kama ulivyoieleza, huenda ikahitaji yenye nguvu zaidi, na hiyo achague tabibu baada ya kumwona. Nenda na ile tyubu ya dukani, hata kama imeisha, ili asome kilichomo.

Kipimo ni hiki: kamua dawa kwenye kidole chako cha shahada, wewe mtu mzima, kuanzia kwenye mkunjo wa mwisho hadi ncha ya kidole. Mstari huo ni takriban nusu gramu, na unatosha eneo la ngozi lenye ukubwa wa viganja vyako viwili pamoja na vidole vyake. Ukiona mstari mmoja unakumalizia mgongo mzima wa mtoto, basi unapaka kidogo mno. Paka mara moja au mbili kwa siku kama utakavyoelekezwa, na uache nusu saa hivi kati ya dawa na mafuta ili moja isilifute jingine.

Uache lini? Watu wengi huangalia rangi, na kwa ngozi zetu nyeusi rangi hudanganya. Uvimbe ambao kwa mtu mweupe huonekana mwekundu, kwetu huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na weusi huo hubaki miezi mingi baada ya ugonjwa kutulia. Kwa hiyo pima kwa vidole. Pitisha kidole taratibu kwenye mkunjo wa kiwiko: ikiwa pangali panakwaruza, pana vinundu au pana joto, ugonjwa bado upo, pakiwa laini kama ngozi ya jirani na mtoto hajikuni, umefika mahali pa kusimamisha dawa na kuendelea na mafuta. Kwa watoto ambao ugonjwa hurudi palepale kila mara, tabibu anaweza kuelekeza dawa ipakwe siku mbili kwa wiki kwenye sehemu hizo ili kuuzuia usiamke.

Umeona vizuri kuhusu salfa. Unga huo, unaopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho, huchokoza ngozi, macho na njia ya hewa hata kwa mtu mzima. Tena upulizaji hufanyika katika miezi ya kiangazi ambayo upepo wa kusi unakausha ngozi, kwa hiyo mtoto hupata mapigo mawili kwa pamoja. Siku za kupuliza asiwepo shambani wala upande upepo unakoelekea, na baba au yeyote anayetoka shambani aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba. Miezi hiyo ongeza mafuta hata mara tatu au nne kwa siku.

Mrudishie samaki na mayai yake. Mtoto wa miaka minne anakua, na kumnyima vyakula hivyo bila ushahidi kunamdhoofisha bila kumpunguzia mwasho. Kitu cha kukizuia ni kile ambacho akila tu, ndani ya dakika chache au saa mbili, anavimba midomo, anatoka mabaka ya kuwasha mwili mzima au anatapika, na hapo amwone daktari.

Kwa usiku, mkate kucha ziwe fupi, na umvalishe pamba nyepesi. Kanga mpya ina wanga unaoifanya ikakamae, kwa hiyo ifue kabla ya kumfunika nayo. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukitumia, lakini asilale bila chandarua kwa kuhofia dawa iliyomo, kwani malaria ni hatari zaidi. Mwasho ukimshika, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi juu ya mahali hapo kwa dakika tano hadi kumi, kisha paka mafuta tena. Mfundishe kubonyeza au kupigapiga kwa kiganja badala ya kukwaruza. Kumfokea "acha kujikuna" hakusaidii, kwa maana hana uwezo wa kuacha.

Ukiona ukoko wa manjano, majimaji yanayotoka au usaha, bakteria wamekwisha kuingia na anahitaji matibabu mapema. Akipata homa na kundi la malengelenge madogo au vidonda vya duara vinavyofanana, vyenye maumivu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, kwa kuwa huenda ni virusi vya tutuko vilivyosambaa kwenye ngozi dhaifu, na dawa yake inatakiwa ianze haraka. Anza na hospitali ya wilaya, na wao watakuelekeza hospitali ya Ligula au ya Ndanda ikibidi. Popote uendapo, uliza kama yupo mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha watumishi wa afya wa fani hiyo tangu miaka ya 1990.

Swali la pili

*Daktari, mimi nabangua korosho nyumbani kwa kuuza. Mikono yangu imekuwa myeusi, imepasuka, na inaniwasha mpaka naisugua kwa mchanga. Nilikuwa na pumu ya ngozi utotoni. Je, imerudi? Naambiwa nioshe kwa mafuta ya taa. — Dada wa Mtwara mjini*

Jibu

Dada, inawezekana mambo mawili yamekutana. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadi na kadoli, ambayo huunguza ngozi ya mtu yeyote na pia huweza kuizoesha mzio, hata ikafika mahali tone dogo linaleta malengelenge. Aliyewahi kuwa na pumu ya ngozi ana ngozi rahisi kupenywa, na hivyo huumia mapema kuliko wenzake wanaoketi naye kwenye jamvi moja. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo usishangae midomo ikikuwasha unapomenya embe kwa meno. Punje iliyokaangwa vizuri na kuondolewa ganda haina tatizo hilo.

Acha kabisa mchanga na mafuta ya taa, kwani vyote viwili vinakuongezea majeraha. Wabanguaji wengi hujikinga kwa majivu, lakini majivu nayo hukausha na kuchoma ngozi iliyopasuka. Afadhali mafuta ya kula au ya nyonyo yapakwe mikononi kabla ya kuanza, kisha uvae glavu za mpira na ndani yake soksi nyepesi au glavu za pamba za kunyonya jasho. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutovaa, maana hufungia mafuta ya ganda ndani. Mafuta hayo yakikugusa, osha papo hapo kwa maji na sabuni laini, na usijishike usoni wala usimshike mtoto kabla ya kuosha. Kaa upande ambao moshi wa kukaanga haukufikii, kwa sababu moshi huo hubeba mafuta yale yale.

Ngozi ya viganja ni nene, na krimu hafifu haitafua dafu hapo. Huenda tabibu akakuandikia steroidi yenye nguvu kwa wiki chache, ipakwe usiku pamoja na mafuta ya mgando mengi na kufunikwa kwa glavu za pamba mpaka asubuhi. Ukiweza, pumzika kubangua kwa muda huo. Natambua kwamba kwako korosho ni ada ya shule na chakula, na kwa hiyo ikiwa mapumziko hayawezekani, badilishaneni kazi na wenzako, wewe uchambue punje zilizokwisha kumenywa na wao wapasue maganda.

Swali la tatu

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu Lindi, nina pumu ya ngozi tangu nikiwa mdogo. Kila usiku nameza Piriton ili nisiwashwe, na asubuhi nasinzia darasani. Usoni napaka krimu niliyonunua dukani. Mwanzoni ilinipendezesha, sasa uso umekuwa mwembamba, una chunusi na mishipa inaonekana, na nikiacha siku mbili unawaka moto. Nifanyeje? — Mwalimu, Lindi*

Jibu

Marahaba, mwalimu. Vidonge hivyo vinakulaza, lakini havitibu mwasho wenyewe. Huzuia kemikali iitwayo histamini, ambayo ndiyo chanzo cha mwasho wa mabaka ya mzio, ilhali mwasho wa pumu ya ngozi hupitia zaidi kemikali nyingine za kinga ya mwili ambazo kidonge hicho hakizigusi. Kukitumia siku chache wakati ugonjwa umepanda na usingizi umekosekana kunakubalika, lakini kila usiku kwa miezi si matibabu, na usingizi wa asubuhi ni hatari kwa mtu anayepanda bodaboda kwenda kazini. Nguvu hiyo ihamishie kwenye mafuta na dawa ya kupaka kama nilivyomweleza mama wa Tandahimba, ila kwa mtu mzima mafuta yanaweza kufika gramu 500 kwa wiki iwapo ugonjwa umeenea.

Uso wako ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Dalili ulizotaja zinalingana na madhara ya steroidi kali iliyopakwa usoni kwa muda mrefu. Krimu nyingi zinazouzwa kung'arisha ngozi, pamoja na zile zinazochanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi katika tyubu moja, huwa na klobetasoli au betamethasoni, na dawa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya ngozi nyembamba ya uso. Karibu na macho huweza hata kuongeza presha ya jicho. Wenye mkorogo wa zebaki huongeza balaa jingine la figo.

Ule moto unaousikia ukiacha si uthibitisho kwamba unaihitaji krimu hiyo. Ni ngozi iliyoizoea inayolalamika. Huweza kudumu wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, kwa hiyo usipambane nao peke yako. Nenda hospitali ya Sokoine hapo Lindi, au Nyangao ikiwa ni karibu zaidi, ukiwa na krimu hiyo mkononi pamoja na kasha lake, ili wapange namna ya kuiacha. Iko marhamu ya takrolimasi, ambayo si steroidi na haifanyi ngozi kuwa nyembamba, na inafaa usoni na kwenye kope. Siku za kwanza huchoma kidogo kisha hutulia. Haipatikani kila duka na bei yake ni ya juu, hivyo uliza kwanza kama bima yako inaigharamia. Huku ukisubiri siku ya kuonwa, osha uso kwa maji matupu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, jikinge na jua kwa kofia pana au mtandio wa pamba, na usinunue krimu nyingine ya kuondoa weusi utakaojitokeza.